Pakiti nne za kahawa barazani Magomeni

Mimi ni nesi, na katika kila wiki nne, mbili huwa niko zamu ya usiku. Kwa miaka kumi na mmoja nimekunywa kahawa ya kila namna inayopatikana Dar es Salaam: ya kopo, kahawa chungu ya kituoni, na ile ya hotelini ambayo kikombe kimoja ni nauli yangu ya siku tatu. Tangu mwaka jana nanunua kwa wakaangaji wadogo. Nasema wale wenye mashine moja tu, imewekwa uani au chumba cha nyuma, wanaotafuta buni wenyewe, wanaikaanga wenyewe, wanaipakia na kukutumia kwa basi. Pakiti nyingi zimeshapita jikoni kwangu. Leo naandika juu ya nne, kwa sababu hizi nne nilizionja siku moja, kwa maji ya sufuria moja, na nilikuwa na shahidi anayeijua kahawa kuliko mimi.

Shahidi mwenyewe ni babu anayetembeza kahawa mtaani kwetu Magomeni. Kila siku baada ya alasiri utamsikia kabla hujamwona, vikombe vinagongana mkononi, dele limekaa juu ya jiko lake dogo la mkaa. Kazi hiyo ameianza mimi sijazaliwa. Nilipomwomba aje tuonje kahawa za watu, aliuliza swali moja tu.

"Zina tangawizi?"

"Hazina kitu, babu. Kahawa tupu."

"Basi zitasema ukweli," akasema. Jumapili ile alifika saa tatu asubuhi, kanzu imepigwa pasi, kabla hata sijachemsha maji.

Majina ya wakaangaji sitayataja. Mmoja wao ameniuzia mzigo mbovu, na nikiwataja watatu mtamjua wa nne bila kuambiwa. Sitaki kumzibia mtu riziki kwa pakiti moja. Nitasema kila kahawa imetoka wapi, imeandaliwaje na nimelipa kiasi gani, na hayo yatakutosha kujua uulizie nini.

Kwanza mjue nimetokea wapi, maana ulimi wangu una upande. Nimezaliwa Machame, kwenye kihamba cha babu yangu mzaa baba, mibuni chini ya migomba. Nimeanza kuchuma kahawa nikiwa na miaka sita. Najua uzito wa debe la matunda mabivu kichwani. Najua ule ute wa buni iliyolala pipani kabla ya kuoshwa, unavyong'ang'ania vidoleni, na harufu yake kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Tukishaosha tulianika kwenye vichanja vya waya, na kazi yetu sisi watoto ilikuwa kupitisha mikono juu yake kutwa nzima, tukitoa zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Kisha gunia linapelekwa chama cha msingi cha ushirika, na huko ndiko habari za kahawa yetu zilikoishia. Ilichanganywa na ya jirani, ikachanganywa na ya kijiji cha pili, ikaenda Moshi kukobolewa, ikaingia mnadani. Hakuna aliyewahi kutuambia ilinywewa wapi wala ilikuwa na ladha gani. Sina ugomvi na ushirika. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, kilianzishwa 1933, kimesomesha ukoo baada ya ukoo pale mlimani, na ada yangu ya sekondari ilitokana na malipo ya pili, yale ambayo mkulima hulipwa kahawa ikishauzwa. Lakini nyumbani tulikunywa chai. Bibi yangu ameitunza mibuni ile miaka zaidi ya hamsini na amezikwa kando yake bila kuonja kikombe kimoja cha kahawa ya shamba lake iliyokaangwa vizuri.

Kwa hiyo nikipata pakiti iliyoandikwa jina la kijiji, huwa naisoma yote kabla ya kushika mkasi.

Sasa utaratibu. Nilipima gramu 12 za kila kahawa kwa mizani yangu ya keki, nikazisaga moja moja kwa kinu cha mkono, nikakifuta kinu kila baada ya pakiti, nikaweka kwenye glasi nne zinazofanana. Maji yakichemka unayaepua na kuyaacha yatulie dakika moja hivi, halafu unamimina mililita 200 kila glasi. Ni sawa na gramu 60 kwa lita, kipimo ambacho wengi hukianzia. Unaacha dakika nne. Juu ya glasi panajengeka tabaka la unga na povu. Unalivunja kwa kijiko huku pua iko palepale mdomoni mwa glasi, kwa sababu harufu inayotoka dakika hiyo hairudi tena. Unaondoa povu, unasubiri ipoe, kisha unavuta kwenye kijiko kwa sauti, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Wanaoonja kahawa kwa kazi hufanya hivyohivyo, kwa glasi au vibakuli. Sauti ile ina sababu yake: hewa ikiingia pamoja na kahawa, harufu inapanda puani, na sehemu kubwa ya ladha tunaipata huko. Babu hakuhitaji kufundishwa. Alivuta kijiko cha kwanza mpaka mtoto wa jirani akachungulia dirishani.

Glasi ya kwanza ilikuwa ya kwetu, Kilimanjaro. Gramu 250 kwa sh 14,000, na sh 5,000 ya kuitoa Moshi hadi kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis. Mkaangaji ni kijana mmoja anayenunua kwa wakulima wa upande wa Kibosho, na lebo yake inaeleza kila kitu: mwinuko mita 1,500, imemenywa na kuoshwa, imekaangwa tarehe fulani, ambayo ilikuwa siku tisa kabla ya sisi kuionja. Ni PB. Kwa wasiojua, tunda la kahawa kwa kawaida lina punje mbili zilizolaliana, upande bapa kwa upande bapa. Mara nyingine inakua moja tu, inajiviringa peke yake kama njegere, na hiyo ndiyo PB. Zile herufi za AA ambazo watu huziulizia kama cheo zinasema ukubwa tu, punje iliyobaki juu ya chekeche namba 18. Nimekunywa AA isiyo na habari yoyote, na nimekunywa AB, yenye punje ndogo zaidi, ikanifanya nitafute kiti.

Nilizimwaga punje kwenye sahani nyeupe. Rangi ya kahawia ya mdalasini, kavu, hazina mafuta juu, na ule mstari wa katikati bado umeshika kipande cha ngozi nyembamba inayong'aa kama ganda la kitunguu. Mkaangaji aliyeiacha hivyo ameitoa motoni mapema. Kahawa ikiwa mashineni hufika mahali ikaanza kulia kama bisi. Wengi wetu tumezoea ile inayoachwa mpaka inalia mara ya pili, inapakwa mafuta yake yenyewe na kuwa nyeusi tii. Huyu ameitoa muda mfupi baada ya mlio wa kwanza. Ukikaanga namna hii huna pa kujificha. Kama buni ilichumwa mbichi, au ililala pipani siku moja zaidi, itasikika.

Maji yalipoigusa ilivimba, ikapanda karibu vidole viwili, ikapumua mapovu. Kahawa iliyokaangwa karibuni huwa imebeba hewa ndani yake na inaitoa taratibu kwa siku nyingi. Ndiyo maana pakiti nzuri huwa na kitundu cha kutolea hewa. Nilipovunja lile tabaka nilisikia ganda la chenza, lile unalolibana kwa vidole likarusha majimaji. Ikiwa ya moto ilikuwa chachu na safi. Ilipopoa ikaanza kuwa tamu, na hapo ndipo nilipoisikia zambarau, halafu mwishoni kitu kikavu kidogo kama chai ya rangi nzuri. Nilirudia vijiko vitano. Nilikuwa naionja na moyoni najiuliza kama kahawa ya kihamba chetu nayo ilikuwa hivi miaka yote ile, tunaianika, tunaichambua, tunaipakia guniani, hatujui.

Babu hakuipenda.

"Hii chachu, mwanangu. Haijaharibika kweli?"

"Ndivyo ilivyo, babu. Subiri ipoe."

Akasubiri, akavuta tena, akatikisa kichwa. "Imekuwa tamu, hilo nakubali. Lakini nyepesi. Wateja wangu watasema nimewauzia maji ya kusuuzia dele."

Naiandika kauli yake kama alivyoisema kwa sababu wengi mtasema hivyohivyo mkikutana na kahawa ya namna hii kwa mara ya kwanza. Ushauri wangu ni kuinywa bila maziwa, na kutoihukumu ikiwa ya moto. Kasoro ninayomlaumu nayo huyu kijana ni nyingine. Pakiti niliyonunua kwake miezi miwili baadaye, lebo ileile, kijiji kilekile, ilikuwa imeiva zaidi, na zambarau yangu sikuiona tena. Ilikuwa bado kahawa nzuri, ila haikuwa ile niliyoagiza. Mwenye mashine moja anaweza kuandika daftari la moto na dakika. Nimemwambia, na amepokea vizuri.

Ya Mbinga sitaikalia sana, ingawa ndiyo niliyomaliza upesi kuliko zote. Sh 12,000 kwa gramu 250, imekaangwa Songea, siku kumi na mbili kabla. Inatoka milima ya Wamatengo, wale wa kilimo cha ngolo, wanaochimba mashimo mteremkoni ili mvua isiwanyang'anye udongo. Imeoshwa, imekaangwa wastani, na ladha yake haikusumbui hata kidogo: karanga zilizokaangwa, sukari guru, kakao kwa mbali. Haina makeke ya ile ya Kibosho. Inakubali maziwa, inakubali kukaa kwenye chupa ya chai mpaka saa nane usiku wodini bila kugeuka, na ukimpa mgeni asiyezoea kahawa hatakunja uso. Babu alisema, "Hii ya watu wa kawaida," na kwake hiyo ni sifa. Kama unaanza, anza na hii.

Ya tatu ndiyo iliyoniudhi, na nitasema kwa nini kirefu kidogo kwa sababu kosa lake linaweza kurekebishwa kesho asubuhi.

Ilikuwa ghali kuliko zote, sh 18,000 kwa gramu 250, na imekaangwa hapahapa Dar. Pakiti nyeusi nzuri, maandishi ya dhahabu, picha ya mlima. Niliigeuza mara tatu nikitafuta tarehe ya kukaangwa. Hakuna. Kilichokuwepo ni tarehe ya mwisho ya kutumia, na ilikuwa mbele kwa mwaka mmoja na nusu. Mahali ilikotoka pameandikwa "Tanzania". Nchi nzima. Yaani kutoka Kilimanjaro hadi Mbozi, kutoka Tarime hadi Kigoma, mkulima ni huyo mmoja anayeitwa Tanzania.

Nilipomimina maji, haikusogea. Unga ulilowa, ukazama upande mmoja, basi. Hakuna povu, hakuna kupumua. Nilipovunja juu, nilisikia mafuta ya kukaangia yaliyolala kwenye karai. Punje zenyewe zilikuwa zinang'aa kwa mafuta, na ukizishika zinaacha alama kwenye vidole. Mafuta hayo ndiyo yaliyobeba ladha. Yakishatoka nje ya punje yanakutana na hewa, na baada ya wiki kadhaa yanaanza kuvunda. Kinywani ilikuwa na uchungu wa majivu uliobaki kooni hadi nikala kipande cha mkate. Babu alivuta kijiko kimoja, akaweka kijiko chini, akafuta mdomo kwa leso. Hakusema neno, na mimi nilimwelewa.

Nilimpigia simu mwenye mali. Alinijibu kwa adabu.

"Dada yangu, kahawa ni kitu kikavu. Haiharibiki."

Nikamwambia ni kweli haiozi, hutaumwa tumbo kwa kuinywa. Lakini mtu ananunua kahawa iliyokaangwa kwa ajili ya harufu na ladha, na hivyo viwili vina umri. Kwangu mimi kahawa ya punje nzima, imefungwa vizuri, huwa kwenye ubora wake kati ya wiki ya kwanza na ya tano au sita hivi. Ikishasagwa, hesabu siku. Nikamwomba aandike tarehe ya kukaanga, hata kwa kalamu ya wino. Akasema wateja wakiiona tarehe ya zamani hawatanunua. Ndugu yangu, hiyo ndiyo kazi ya tarehe! Kama unaogopa mteja aijue, maana yake hata wewe unajua kahawa imekaa mno. Kaanga kidogo, uza, kaanga tena. Mkaangaji mdogo ana uwezo wa kufanya hivyo kila wiki, na kiwanda kikubwa kinachopakia tani nyingi kwa mkupuo mmoja hakina. Hiyo ndiyo nguvu yake pekee sokoni, na huyu ameitupa mwenyewe, halafu ananitoza bei ya juu.

Inaniuma kwa sababu nyingine. Kuna mama mahali fulani amepitisha mkono juu ya buni ile kichanjani kama tulivyofanya sisi, akatoa mbovu moja baada ya nyingine. Kazi yake yote imefika mjini ikafia kwenye rafu.

Glasi ya nne niliiweka mwisho makusudi, kwa kuwa ni robusta, aina nzito na chungu kuliko arabika tunayolima mlimani, na nilidhani itafunika nyingine. Inatoka Kagera, upande wa ziwani. Nusu kilo sh 13,000, na mkaangaji ni dada mmoja wa Bukoba aliyeniambia kwa simu neno ambalo sijalisahau: "Robusta watu wameidharau, nasi tuliolima tukaidharau vilevile, tukaianika barabarani kwenye vumbi." Yeye anawalipa wakulima zaidi ili wachume nyekundu tupu. Haioshwi. Tunda zima linakaushwa na ganda lake juu ya vichanja, wiki tatu hivi, linageuzwa kila siku na kufunikwa usiku, ndipo linakobolewa. Wenyewe huiita kahawa ya maganda.

Watu wa Kagera wana undugu na kahawa ambao sisi wa mlimani hatukuwa nao. Kwetu mbegu ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, ikawa zao la fedha moja kwa moja. Wahaya walikuwa na robusta yao kabla ya mzungu kufika, na walikuwa wakiitafuna: matunda yanachemshwa na majani yenye harufu, yanakaushwa, mgeni akija anapewa machache kiganjani. Zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa kuchanjiana, waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akameza yake ikiwa na damu ya mwenzake. Nesi mwenzangu wa Muleba mpaka leo ana kahawa za kutafuna kwenye mkoba. Saa tisa usiku, macho yakianza kufumba, ananimiminia tano mkononi bila kusema kitu.

Punje za pakiti hii zilikuwa ndogo na za mviringo kuliko arabika, rangi ya mbao ya mninga, zimekaangwa kupita wastani lakini hazijaungua. Povu lake lilisimama kuliko zote, zito, rangi ya dhahabu, na lilichelewa kuzama. Nilipolivunja nilitegemea ile harufu ya gunia ambayo kahawa nyingi za bei rahisi huwa nayo. Nikasikia tende. Nikanusa tena: tende, na kakao, na nyuma yake kidogo moshi wa kuni. Kinywani ni nzito, inajaza ulimi wote kama uji wa ulezi uliochujwa vizuri. Uchungu upo, tena mwingi, lakini ni uchungu msafi kama wa mlonge au wa chokoleti isiyo na sukari, unakuja, unakaa, unaondoka. Uchachu hakuna kabisa. Ilipopoa ikashuka kidogo, ikawa na ukakasi pembeni mwa ulimi, na hapo ya Kibosho inaishinda mbali. Kahawa hii inywe ya moto.

Babu alivuta kijiko. Akavuta cha pili. Akaiinua glasi yenyewe, akainywa.

"Hii," akasema, "ndiyo kahawa."

Halafu akanieleza kitu ambacho kwa miaka yote niliyomsalimia jioni sikuwahi kukijua. Kwamba kahawa anayopika ni robusta siku zote, na kwamba baba yake, aliyemrithisha kazi, alikuwa akinunua buni mbichi na kuikaanga mwenyewe kwenye kikaango cha chuma, usiku, akiigeuza kwa mwiko wa mbao mpaka inaanza kulia. "Sisi siku hizi tunanunua iliyokwisha sagwa. Hujui wamesagia nini humo. Tangawizi tunatia nyingi ili ifiche." Alisema akitazama dele lake lililokuwa tupu pale mlangoni.

Nikampimia gramu 250 akajaribu kwa wateja wake. Jumatatu jioni nilitoka mapema nikaenda pale wanapochezea bao, nikakaa kwenye benchi. Alikuwa ameitwanga kinuni, ameipika kama kawaida yake, tangawizi kidogo tu, na hakuiacha ichemke kwa muda mrefu kama nyingine. Mzee wa kwanza alikunywa, akaomba cha pili kabla hajala kashata yake. Mwingine akauliza kama amebadilisha mkaa. Alasiri ile dele liliisha kabla ya magharibi.

Hesabu ndiyo ngumu. Kilo moja ya kahawa ile ni sh 26,000, mbali na nauli ya basi, na kikombe barabarani hakiwezi kupanda bei kwa siku moja. Tulikaa na kalamu. Kwa kila siku haiwezekani. Kwa Ijumaa inawezekana, na kwa Ramadhani, watu wakitoka tarawehe, anasema itamlipa.

Kwa mtakaoagiza, hukumu yangu ni hii. Kikombe bora nilichokunywa siku ile ni cha Kibosho, na nitakisema hivyo hata kama babu amenikatalia. Cha kununua kwa nyumba yenye watu wengi ni cha Mbinga. Cha Kagera ndicho kilichonibadilisha. Nilikulia kwenye arabika nikiamini robusta ni kahawa ya watu waliokosa, na nilikuwa nimekosea kwa miaka yangu yote. Ila muwe na kiasi nayo. Kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika, na kafeini haitoki mwilini haraka: baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo. Mimi nikiwa zamu, kikombe changu cha mwisho ni saa saba usiku, vinginevyo asubuhi nalala macho wazi. Wajawazito wapunguze sana, na wenye presha wamuulize daktari wao. Ya tatu, ile ya pakiti nyeusi yenye dhahabu, nimeipeleka kwenye mizizi ya mwarobaini.

Na mkimpigia mkaangaji yeyote, kabla ya kuuliza bei muulizeni maswali mawili: imekaangwa lini, na imetoka kijiji gani. Anayejua atajibu papo hapo, tena atataka kukueleza zaidi ya ulichouliza. Yule dada wa Bukoba nilimuuliza hayo mawili, tukaongea dakika ishirini na tano.

Juzi babu alinisimamisha getini nikitoka kazini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Yule dada yako wa Bukoba, anauza na buni mbichi?"

Kumbe kikaango cha baba yake bado anacho. Kipo uvunguni, kimeshika kutu ukingoni tu. Nikampigia dada palepale, simu ikiwa kwenye spika, wakasalimiana, wakapatana bei wenyewe. Kilo tano zinapanda basi Jumanne.